Belvedere ya Vienna: panda kutoka chini

Waswahili wengi wanaofika Vienna hawaji kutalii. Wanakuja kwenye mikutano ya Umoja wa Mataifa, kwenye shirika la nguvu za atomiki, kwenye UNIDO, shirika la maendeleo ya viwanda, au kusoma. Halafu inapatikana siku moja ya mapumziko, na kila mwenyeji unayemuuliza anakutajia kasri la kifalme la Schönbrunn. Schönbrunn ni pakubwa, na umati wake ni mkubwa vilevile. Kwa mwenye siku moja tu, mimi humshauri aende Belvedere: makasri mawili ya mtindo wa baroko kwenye mteremko mmoja, bustani katikati yake, na ndani mkusanyiko wa picha ambao huwezi kuuona kwingine.

Tatizo ni namna watu wanavyopatembelea. Wanashuka kwenye tramu karibu na Kasri la Juu, wanaingia, wanakwenda moja kwa moja kwenye picha ya mchoraji Klimt iitwayo Busu, wanapiga picha, wanatoka. Bustani wanaiona dirishani. Lakini mahali hapa palipangwa kwa mpandaji: unaanza bondeni kwenye nyumba ya kuishi, unapita vivuli vya miti, unapanda ngazi na maporomoko ya maji, ndipo unafika kileleni kwenye nyumba ya fahari. Fuata njia hiyo. Haiongezi gharama hata senti moja.

Hatua ya 1: Tiketi, na saa yake

Tiketi ya Kasri la Juu inauzwa kwa muda maalumu. Unachagua siku, unachagua saa ya kuingia, na unatakiwa kufika ndani ya muda huo. Ukishaingia hakuna anayekuhesabia dakika. Kaa hadi wafunge ukitaka. Nunua kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe, kwa sababu ukitafuta ovyo mtandaoni utaangukia kwa mawakala wanaouza kiingilio hichohicho kwa bei ya juu, wamekipamba tu kwa maneno.

Chukua nafasi ya kwanza kabisa ya asubuhi. Tiketi itaandikwa 09:00, yaani saa 3 asubuhi. Anayesoma saa kwa Kiswahili kichwani huku amechoka na safari anaweza kujikuta amejitokeza saa 9 alasiri, akiwa na karatasi isiyo na kazi tena.

Walio chini ya miaka 19 wanaingia bure, jambo la maana kwa mwenye watoto, ila nao watafutie tiketi zao za bure mapema. Ipo pia tiketi ya pamoja ya Kasri la Juu na la Chini. Inunue kama una siku nzima. Bustani haina kiingilio. Na kama unabadilisha ndege tu, kumbuka kwamba mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji visa ya Schengen ili atoke nje ya uwanja.

Hatua ya 2: Kufika

Usishukie kituo cha "Schloss Belvedere" cha tramu D, ingawa ramani ya simu itakusihi ufanye hivyo. Panda tramu 71 na ushuke "Unteres Belvedere", mtaa wa Rennweg. Anayetoka uwanja wa ndege anaweza kupanda treni ya S7 hadi kituo cha Rennweg, kisha akamalizia kwa 71 hiyohiyo au kwa miguu. Tiketi ya usafiri nunua kabla ya kupanda, na kama haina muhuri wa saa, ipige kwenye mashine ndogo iliyomo garini. Hakuna kondakta anayepita kukusanya nauli, na mgeni wa kwetu anaweza kudhani ni bure. Wakaguzi wapo, wengine huvaa nguo za kiraia, na hawana huruma ya ugenini.

Fika kama saa 2 asubuhi. Bustani hufunguliwa mapema kuliko makumbusho, na saa hiyo utawakuta wakimbiaji, wazee wenye magazeti na watunza bustani. Ukikuta lango la Rennweg bado limefungwa, zunguka kwenye mtaa wa Prinz-Eugen, yapo malango ya pembeni.

Vaa viatu bapa. Njia zote ni za changarawe, na kisigino kirefu hapo ni adhabu.

Hatua ya 3: Panda bustani polepole

Jipe saa nzima. Na kabla hujaanza kupanda, mfahamu mwenye nyumba, maana bila yeye haya yote ni miti iliyokatwa vizuri tu.

Eugen wa Savoy alizaliwa Paris mwaka 1663. Alitaka kuwa askari wa mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, naye mfalme akamkataa. Kijana alikuwa mfupi, dhaifu wa mwili na si mzuri wa sura. Mwaka 1683 akatorokea kwa akina Habsburg, ukoo uliotawala Austria, wakati ule Waosmani wa Uturuki walipokuwa wameuzingira mji wa Vienna, akapokelewa. Mwaka 1697 aliwashinda Waosmani kule Zenta, na mwaka huohuo akanunua ardhi hii nje ya kuta za mji. Baadaye alipigana na majeshi ya Louis mwenyewe na kuyashinda. Msanifu wake alikuwa Johann Lukas von Hildebrandt. Na alipotaka mtu wa kumpangia bustani, alimleta Dominique Girard, aliyejifunza kazi Versailles, kwenye bustani za mfalme yuleyule aliyemkataa. Mimi siamini kuwa hiyo ilikuwa bahati tu.

Kasri la Chini lilikamilika mwaka 1716, nalo ndilo lililokuwa makazi yake ya majira ya joto. Kasri la Juu lilikamilika mwaka 1723, kwa ajili ya sherehe na wageni wakubwa. Hakuoa. Alikufa mwaka 1736 bila wosia, na mpwa wake aliyerithi hakuchelewa kuanza kuuza mali. Mwaka 1752 malkia Maria Theresa akayanunua makasri yote mawili.

Sasa anza kutembea. Chini kabisa, jirani na Kasri la Chini, kuna vichaka vilivyokatwa kama kuta, virefu kuliko mtu. Pita katikati yake, si kwenye njia kuu. Huku hakuna mandhari ya mbali, na imekusudiwa hivyo: ngazi ya chini ya bustani ni ya dunia na maumbile, mtu yumo ndani ya majani na haoni aendako. Ukipanda, kuta zinafunguka, maji yanaanza kusikika, na miungu ya Kigiriki na Kirumi inajitokeza mmoja baada ya mwingine. Kasri la Juu limewekwa kileleni kama makao ya miungu hiyo, na mwenye nyumba, kwa unyenyekevu wa majenerali, alijiweka humohumo.

Kwenye ngazi tafuta watoto wa mawe kumi na wawili, kila mmoja na mwezi wake wa mwaka. Ukiwa na watoto, waambie watafute mwezi waliozaliwa. Utapata dakika kumi za amani. Kuanzia vuli hadi mwanzo wa masika maji hufungwa kwa sababu ya baridi, basi anayekuja Januari asitegemee maporomoko. Miezi ya kupendelea ni Mei na Juni. Julai na Agosti jua ni kali na kivuli ni haba, kwa kuwa bustani ya namna hii haipandi miti pale inapoweza kuziba macho. Nyasi hazikanyagwi. Hilo ni gumu kulieleza kwa mtoto aliyezoea bustani ya kuchezea, lakini walinzi watakusaidia kulieleza.

Sfinksi wa mawe, wenye mwili wa simba na uso wa mwanamke, watakupokea juu. Hapo geuka.

Mbele yako upo mji mzima: mnara wa kanisa kuu la Mtakatifu Stefano, urefu wake mita 136, kuba la kanisa la Karlskirche upande wa kushoto, kuba la kanisa la masista wa Salesian kulia, na nyuma kabisa vilima vya Kahlenberg na Leopoldsberg. Bernardo Bellotto, aliyejiita Canaletto kama mjomba wake, aliichora taswira hii kati ya mwaka 1759 na 1761, na tangu hapo imekuwa kipimo. Mtu akitaka kujenga jengo refu katikati ya Vienna, wapinzani huileta picha ile mezani. Mradi wa mnara karibu na Heumarkt ulichangia UNESCO kuuweka mji mkongwe wa Vienna kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2017. Picha yenyewe ya Bellotto haiko hapa, iko Kunsthistorisches Museum, makumbusho ya sanaa katikati ya mji. Lakini ukisimama karibu na sfinksi wewe mwenyewe unaweza kuhesabu kilichobaki na kilichoongezeka.

Ukibaki na dakika chache, zunguka upande wa pili wa Kasri la Juu, wa kusini. Huko kuna bwawa kubwa ambalo asubuhi isiyo na upepo linalirudisha kasri zima kichwa chini. Picha ya familia ipigwe hapo.

Hatua ya 4: Ingia, na nenda kwa Klimt kwanza

Makoti, miavuli na mabegi makubwa huachwa kwenye makabati. Picha unaruhusiwa kupiga kwa matumizi yako bila mwanga wa flashi. Vijiti vya selfi viache hotelini. Chupa ya maji isiwe mkononi mbele ya picha.

Kawaida ningesema uanze sakafu ya chini na upande kwa utaratibu. Hapa vunja utaratibu. Klimt yuko ghorofa ya kwanza, na nusu saa ya mwanzo ndiyo nafasi yako pekee ya kusimama mbele ya Busu bila viwiko vya watu. Panda ngazi kuu, ufuate vibao. Kama miguu ina shida, lifti ipo.

Gustav Klimt aliichora mwaka 1907 na 1908. Ni mraba wa sentimita 180 kwa 180, mkubwa kuliko watu wanavyotarajia baada ya kuizoea kwenye vikombe na miavuli ya dukani. Ilipoonyeshwa mwaka 1908 serikali iliinunua hata kabla haijamalizika. Baba yake Klimt alikuwa mchonga nakshi za dhahabu, na mwaka 1903 mwana alikwenda Ravenna, Italia, kuona picha za vigae vya dhahabu makanisani. Hayo mawili yamo humu.

Itazame hivi. Kwanza simama mbali, katikati. Kisha sogea kushoto, halafu kulia, polepole: dhahabu halisi hubadilika unavyohama, inawaka hapa na kufifia pale, na hiki ndicho kitu ambacho simu haikipati hata ufanye nini. Kisha sogea karibu uangalie mavazi. La mwanamume lina mistatili meusi na meupe, la mwanamke lina duara na maua. Mwisho angalia vidole vya miguu ya mwanamke. Amepiga magoti ukingoni kabisa mwa maua, na vidole vyake vimejikunja kwenye ukingo. Nyuma yake hakuna ardhi. Wengi huondoka bila kuviona.

Jirani ataonekana Judith wa mwaka 1901, yule mjane wa hadithi ya Biblia aliyemkata kichwa jenerali Holofernes. Ana mkufu mpana wa dhahabu, na kichwa cha Holofernes kimekatwa nusu na ukingo wa picha. Fremu ya metali yenye maandishi ilitengenezwa na Georg, mdogo wake Klimt.

Usimtafute Adele Bloch-Bauer wa dhahabu, yule anayejulikana karibu sawa na Busu. Hayuko. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, na Wanazi waliipora mali yake. Picha hiyo ilining'inia Belvedere kwa miongo mingi baada ya vita, mpaka mpwa wa Adele, Maria Altmann, aliyekuwa amekimbilia Marekani, alipodai haki. Mwaka 2006 baraza la usuluhishi likaamua arudishiwe picha tano za Klimt. Adele sasa yuko Neue Galerie, New York. Sisi tunaofuatilia habari za vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za kuwakumbuka marehemu, vilivyoibwa na kukutwa kwenye makumbusho ya Marekani tunaielewa kesi hii bila kuelezwa sana. Nawapa Belvedere sifa moja: leo hawalifichi suala la picha kuporwa, wana watafiti wanaochunguza kila picha ilipitia mikono ya nani.

Kutoka kwa Klimt pita kwa mchoraji mwenzake Egon Schiele, na hapa usiharakishe. Picha yake ya familia ya mwaka 1918 inaonyesha mwanamume, mwanamke na mtoto, wote wamechuchumaa mmoja mbele ya mwenzake. Mtoto huyo hakuwahi kuwepo. Mke wake Edith alikufa kwa homa ya mafua ya mwaka ule akiwa mjamzito, na Schiele akamfuata siku tatu baadaye, tarehe 31 Oktoba, akiwa na miaka 28. Klimt alikuwa ametangulia Februari mwaka huohuo. Na kama utamkuta Richard Gerstl anayecheka kwenye picha aliyojichora, kaa naye kidogo. Kile kicheko hakichekeshi.

Hatua ya 5: Ukumbi wa Marumaru, halafu vichwa

Ghorofa hiyohiyo, katikati, kuna ukumbi wa marumaru nyekundu wenye dari iliyochorwa na Carlo Carlone. Hapa tarehe 15 Mei 1955 mawaziri wa mambo ya nje wa Umoja wa Kisovyeti, Marekani, Uingereza na Ufaransa, pamoja na Leopold Figl wa Austria, walitia saini mkataba ulioirudishia Austria uhuru baada ya miaka kumi ya kukaliwa na majeshi ya nchi nne. Figl akasema, "Austria iko huru." Waaustria wengi wataapa kwamba aliyasema maneno hayo kwenye roshani mbele ya umati, kwa sababu sinema ya habari iliunganisha sauti na picha hivyo. Aliyasema humu ndani. Roshani ilikuwa ya kuonyesha mkataba. Sogea dirishani uitazame.

Nyumba hii ina uhusiano mwingine na historia, usio wa furaha. Mrithi wa kiti cha enzi Franz Ferdinand aliishi hapa hadi alipouawa Sarajevo, Juni 1914. Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyofuata vilikuwa vimefika Tanga kabla mwaka haujaisha, na wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa maelfu kwa ugomvi wa watu wasiowajua.

Sasa vitu viwili vya kutafuta kwa makusudi. Cha kwanza ni vichwa vya Franz Xaver Messerschmidt, karne ya 18: mtu anafinya uso, anabana midomo hadi inapotea. Watoto wanaopiga kelele kwenye makumbusho yoyote hunyamaza hapa, kisha huanza kuviiga. Waache. Cha pili ni Napoleon wa Jacques-Louis David akivuka Alps juu ya farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Kwa kweli alivuka juu ya nyumbu. Soma majina yaliyochongwa kwenye mwamba chini ya farasi: la kwake liko pamoja na la Hannibal na la Karoli Mkuu, waliovuka milima hiyo kabla yake.

Sanaa ya zama za kati na ya karne ya 19 ipitie kadiri ya nguvu zilizobaki. Masaa mawili na nusu ndani yanatosha. Zaidi ya hapo macho yanatazama lakini hayaoni tena. Ukishuka, usipite bila kuangalia majitu manne ya mawe yanayobeba dari kwenye ukumbi wa sakafu ya chini, kazi ya Lorenzo Mattielli.

Hata wazo la kuingia tu hapa kama raia wa kawaida lina umri wake. Mkusanyiko wa picha wa kifalme uliletwa humu miaka ya 1770, kisha ukafunguliwa kwa umma, miongoni mwa makumbusho ya kwanza duniani kufanya hivyo. Picha zile zilihamishwa baadaye kwenye Kunsthistorisches Museum. Hizi za leo ni za mkusanyiko mwingine, uliofunguliwa mwaka 1903 kule Kasri la Chini.

Hatua ya 6: Kula, kisha shuka

Mkahawa upo, bei ni ya makumbusho. Nafuu zaidi ni kutembea robo saa hivi hadi kituo kikuu cha treni, Hauptbahnhof, penye vyakula vya kila aina. Siku ya Jumapili kumbuka hilo zaidi, kwa sababu maduka ya Vienna hufungwa, yale ya kituoni huwa wazi. Asiyekula nguruwe aulize: "Wiener Schnitzel" yenyewe ni nyama ya ndama, lakini ikiandikwa "vom Schwein" ni nguruwe, na mara nyingi ndiyo ya bei ndogo. Maji ya bomba ni salama, yanatoka milimani. Jaza chupa yako. Usishangae mhudumu kijana akikujibu "asante sana" kwa lafudhi safi: Kiswahili kinafundishwa Chuo Kikuu cha Vienna.

Kasri la Chini huonyesha maonyesho ya muda, kwa hiyo angalia kwanza kuna nini. Kama maonyesho hayakuvutii, vyumba vyenyewe vinatosha: Chumba cha Dhahabu chenye vioo, na sanamu ya marumaru ambayo Balthasar Permoser alimchongea Eugen akipandishwa mbinguni huku akimkanyaga adui. Inasemwa kwamba jenerali alikuwa mtu asiye na makuu. Ukiiona sanamu hiyo utaamua mwenyewe.

Mwenye pesa ya kiingilio kimoja tu achague Kasri la Juu bila kusita. Alasiri yake anaweza kuimalizia bure kwenye bustani ya mimea ya Chuo Kikuu iliyo ubavuni, iliyoanzishwa na Maria Theresa mwaka 1754. Huko miti imeachwa ikue inavyotaka, na viti vya kivulini ni vingi. Ukimaliza, rudi Rennweg, tramu 71 ya kurudi mjini inapita huko.